Bimu za chuma kwenye nguzo za bomba lililojazwa zege: maswali tunayoulizwa sana kuhusu modeli za kompyuta

Maswali haya yametoka kwa watu wa aina tatu: wanafunzi wa uhandisi waliobanwa na mradi wa mwaka wa mwisho, wahandisi wenzangu wa hapa Mwanza, na mafundi wa kuchomelea wa Nyakato na Igogo waliochoka kuletewa michoro isiyotengenezeka. Nimeyaacha yalivyonijia. Nikisema bimu, nazungumzia boriti ya chuma yenye umbo la herufi I. Bomba ni nguzo ya chuma iliyo wazi ndani, ya mviringo au ya mraba, inayojazwa zege ikishasimamishwa.

Kwanza, kuna faida gani kumwaga zege ndani ya bomba la chuma?

Bomba tupu likielemewa, ukuta wake ukiwa mwembamba hubonyea kabla chuma chenyewe hakijachoka. Ukilijaza zege, ukuta hauwezi tena kubonyea kwa ndani. Umebakiwa na njia moja tu, kutoka nje, na njia hiyo inataka mzigo mkubwa zaidi. Zege nalo likianza kupasuka na kutaka kutawanyika linakutana na ukuta wa chuma, likabaki pale pale likiendelea kubeba. Juu ya hayo, bomba ndilo fomu: hakuna mbao wala misumari, na hakuna kusubiri siku ya kubomoa.

Kwa namba, chukua bomba la mraba la milimita 250 kwa 250, unene milimita 8, chuma cha S355 (nguvu yake MPa 355, yaani nyutoni 355 kwa kila milimita ya mraba), zege la daraja C30/37. Kwa Eurocode 4, kanuni za Ulaya za miundo ya chuma na zege kwa pamoja, ukiacha hesabu ya mviringo wa pembe, chuma kinatoa kama kN (kilonyutoni) 2,750 na zege kama kN 1,095. Yaani zege limeongeza karibu asilimia 40 ya uwezo wa chuma bila nguzo kunenepa hata kidogo. Hiyo ni nguzo fupi. Ndefu utaipunguzia kwa sababu ya kupinda.

Ulimwenguni si jambo geni. Jengo la Two Union Square la Seattle, Marekani, lilitumia mabomba ya namna hii mwaka 1989. Canton Tower ya Guangzhou, China, imesimama juu ya nguzo 24 za bomba lenye zege.

Daraja la Kigongo–Busisi limejengwa hivi?

Hapana. Lile, lililofunguliwa Juni 2025, ni daraja la zege lenye nyaya za chuma zilizokazwa. Elimu yake ni nyingine. Naulizwa hili kila wiki, ndiyo maana limo humu.

Kama nguzo ni imara hivyo, tatizo liko wapi?

Pale bimu inapokutana na nguzo. Nguzo yenyewe unaihesabu kwa kalamu ukamaliza kabla ya chai. Maungio ndiyo yanayokesha na mtu.

Fanya jaribio hili nyumbani. Chukua debe la mafuta ya kula, la lita 20, ulijaze mchanga mkavu, ulifunge. Bonyeza ubavu wake kwa kiganja: haubonyei, mchanga unakataa. Sasa chomelea ndoano kwenye ubavu huohuo, uvute. Bati linatoka kama tumbo na mchanga umetulia tu, hauna habari na wewe. Bimu iliyochomelewa moja kwa moja kwenye ukuta wa bomba inafanya hivyohivyo. Mzigo ukiilemea sakafu, bamba la chini la bimu, yaani mstari wa chini wa ile I, linausukuma ukuta kwenye zege na hapo hakuna shida. Bamba la juu linauvuta ukuta, na zege haliwezi kuushika, kwa sababu kati ya zege na chuma hakuna gundi ya maana. Eurocode 4 inaruhusu MPa 0.55 tu za mshikamano kwa bomba la mviringo na 0.40 kwa la mraba, tena hizo ni za kuteleza kwa urefu, si za kuvutwa kutoka ukutani.

Ukilielewa debe hilo, umeelewa nusu ya ukurasa huu.

Kuna aina gani za maungio?

Nyepesi kuliko zote ni bamba moja la wima lililochomelewa kwenye nguzo, bimu inafungwa kwa bolti mbili tatu za ubavuni. Hiyo inabeba mzigo wa kushuka tu, ikipindishwa inazunguka. Inatosha pale jengo lina kuta au fremu za mshazari za kuzuia kuyumba, na kusema kweli majengo mengi ya hapa mjini hayahitaji zaidi ya hiyo.

Ukitaka bimu na nguzo zishirikiane kupinda, lazima umpe mvuto wa bamba la juu njia ya kuuzunguka ukuta au kuupita. Unaweza kuizungushia nguzo pete ya bamba kwa nje. Naipenda kwa sababu fundi anaona kila mshono anaouchomelea. Unaweza kuweka bamba ndani ya bomba, lenye tundu la kupitishia zege. Linapendeza kwa macho, ila nina kisa nalo, kiko chini. Unaweza kupitisha bamba, au bimu nzima, katikati ya nguzo. Au unafunga bamba la mwisho wa bimu kwa bolti: ama ndefu zinazotoboa nguzo upande hadi upande, ama zile zinazokazwa kwa nje tu na kufunguka kwa ndani kama mwavuli, maana ndani ya bomba mkono hauingii kushika nati.

Kwa nini nitumie kompyuta badala ya kupima maungio halisi maabara?

Kwa sababu jaribio moja la ukubwa halisi linataka fremu ya chuma, jeki za kusukuma na kuvuta, vipimo vya kila aina, na sampuli ikishavunjika imevunjika. Modeli unaibadilisha unene wa bamba saa nne asubuhi, mchana una jibu. Lakini kompyuta haichukui nafasi ya maabara, inaurefusha mkono wake. Modeli ambayo haijawahi kulinganishwa na jaribio hata moja lililofanyika mahali fulani na kuchapishwa ni mchoro wa rangi tu.

Nitumie programu gani? Sina hela ya leseni.

Watafiti wengi wa maungio haya hutumia ABAQUS au ANSYS, na zote zina matoleo ya bure ya wanafunzi yenye kikomo cha idadi ya nodi, yaani pointi zinazounganisha vipande vidogo (elementi) ambavyo modeli hukatwa. Kikomo hicho kinabana, lakini kwa kujifunza kinatosha. Za bure kabisa zipo: CalculiX, ambayo faili yake ya maelezo inafanana sana na ya ABAQUS, Code_Aster kutoka Ufaransa, na OpenSees ya California ukitaka kuigiza fremu nzima kwa elementi za mstari badala ya kuchonga kila bolti.

Zile nakala za kunong'onezana kwenye flashi sizigusi, na ukiniletea modeli iliyotoka huko sitaifungua.

Kompyuta ya kawaida inaweza?

Laptopu yenye RAM ya GB 16 inatosha ukitumia akili. Maungio mengi yana ulinganifu: upande wa kushoto ni sawa na wa kulia, basi igiza nusu tu na uifunge kwenye uso wa katikati. Bimu ikishafika mbali na nguzo, acha elementi za ujazo, endelea na za mstari. Nguzo usiichore ghorofa nzima. Ikate katikati ya ghorofa juu na chini, mahali ambapo momenti, yaani nguvu ya kupindisha, inapita sifuri fremu inaposukumwa kwa pembeni, uweke bawaba pale.

Zege naliingizaje?

Kwa tahadhari, na kwa kuanza na swali ambalo halihusu kompyuta: namba ya nguvu ya zege umeitoa wapi?

Mwaka wangu wa pili kazini nilipokea ripoti ya maabara, wastani MPa 37, nikaiingiza 37. Modeli ikatoka na nguzo ngumu kuliko jaribio nililokuwa nalinganisha nalo. Nilihangaika siku nne na msuguano na wavu (mpangilio wa zile elementi) kabla mzee mmoja ofisini hajaniuliza, "Kijana, hiyo ni kyubu au silinda?" Maabara zetu zinavunja kyubu za milimita 150. Programu na fomula za Eurocode zinataka silinda. Ndiyo maana ya C30/37: silinda 30, kyubu 37, zege ni lilelile. Siku nne zangu zilipotea kwenye mkwaju mmoja, ule wa katikati ya 30 na 37.

Tabia ya zege ndani ya ABAQUS wengi wanaiigiza kwa modeli ya zege linaloharibika, inayojulikana kwa herufi CDP. Inataka namba tano. Pembe ya kutanuka watu huweka kati ya digrii 30 na 40. Tatu zinazofuata kwa kawaida huachwa kama zilivyo: 0.1, 1.16 na 0.667. Ya mwisho, mnato, iwe ndogo sana. Ukiikuza hesabu inaenda vizuri ajabu na jibu linakuwa la uongo. Uwiano wa Poisson, yaani kiasi kitu kinavyotanuka ubavuni kikibanwa, weka 0.2, na kwa C30/37 ugumu wa awali ni kama GPa 33.

Kosa ninaloliona sana: mtu anachukua kwanza fomula ya zege lililobanwa, anaipandisha nguvu ya zege kwa sababu liko ndani ya bomba, kisha anachora bomba lenyewe na kulibana zege lilelile mara ya pili. CDP inaiona nguvu inayoongezwa na kubanwa kwa sababu ukuta umo ndani ya modeli. Isichokiona vizuri ni ule uvumilivu, jinsi zege lililobanwa linavyoendelea kubeba baada ya kilele. Kwa hiyo rekebisha mteremko baada ya kilele. Kilele chenyewe kiache.

Na chuma?

Chuma ni muungwana. GPa 210, Poisson 0.3, na mchoro wa mkazo kutoka kwenye jaribio la kuvuta. Ila ugeuze namba za maabara kuwa za kweli kabla ya kuziingiza: mkazo uzidishe kwa moja jumlisha mnyooko, na mnyooko uchukulie logi asilia ya moja jumlisha mnyooko. Maabara wanagawa kwa eneo la mwanzo, wakati kipande kimeshakonda.

Vipimo navyo. Programu haijui mita wala milimita, inajua namba. Ukifanya kazi kwa N na mm, mkazo ni MPa, uzito wa ujazo wa chuma ni 7.85 kwa kumi kipeo hasi tisa, na mvutano wa dunia ni 9,810. Ukiandika 7,850 kwa mazoea, nguzo yako itakuwa nzito kuliko Jiwe la Bismarck.

Uso wa chuma na zege: nivigandishe au niviachie?

Viachie. Hapa ndipo modeli nyingi zinapodanganya, na zinadanganya kwa kukupendelea.

Kugandisha ni amri moja na hesabu inakwisha bila kelele. Lakini rudi kwenye debe. Ukiugandisha ukuta kwenye zege, umemwambia kompyuta kwamba mchanga umeshikamana na bati. Bamba la juu la bimu likivuta, zege zima linashiriki kuzuia, ukuta hautoki tumbo, maungio yanaonekana magumu na yenye nguvu ambayo hayana. Mwanafunzi anafurahi, msimamizi anafurahi, na kila mtu anaona rangi ya buluu, ile ya mkazo mdogo.

Weka mgusano wa kweli: kwa kukandamiza, chuma kisipenye zege, kwa kuvuta, kiruhusiwe kuachana nalo, kwa kuteleza, kiwe na msuguano. Watafiti wametumia msuguano kuanzia 0.25 mpaka 0.6. Mimi naanza na 0.3, kisha narudia kwa 0.6. Jibu likihama kidogo, nalala. Likihama sana, maana yake maungio yangu yanategemea kitu ambacho hakuna mtu saiti anayekidhibiti: ndani ya bomba huwa na kutu, mafuta ya kiwandani, na vumbi la barabara ya Buzuruga. Hapo nabadilisha maungio, sibadilishi msuguano.

Fanya hivi siku moja kwa macho yako. Endesha modeli ileile mara mbili, moja imegandishwa na nyingine imeachiwa, uweke mistari miwili kwenye grafu moja. Baada ya hapo sitakuwa na haja ya kukushawishi.

Wavu uwe mdogo kiasi gani?

Mvuvi yeyote pale Mwaloni Kirumba atakwambia wavu wa sangara hauvui dagaa. Kinachopita kwenye matundu hukioni. Mahali mambo yanapobadilika haraka, yaani ukuta wa bomba karibu na bamba la bimu, mshono na kingo za matundu ya bolti, matundu ya wavu yawe madogo. Mbali na hapo, panua.

Jaribu wavu wa milimita 30, halafu 15, halafu 8. Jibu la jumla, mathalani momenti ya juu kabisa, likiacha kuhama, umefika. Ila usiangalie mkazo kwenye kona kali ya ndani, ambapo bamba linakutana na ukuta bila mviringo. Pale kila ukipunguza wavu mkazo unapanda, na utapanda hata ukikesha, kwa sababu kona ya namna hiyo ipo kwenye hesabu tu.

Ukitumia elementi za ujazo zenye nodi nane na hesabu iliyopunguzwa, weka angalau tatu au nne kwenye unene wa bamba linalopinda. Ukiweka moja itachezacheza bila kubeba chochote, na utaona wavu umepinda zigizaga kama meno ya msumeno.

Bolti nichore nyuzi zake?

Hapana. Chora mwili laini wenye eneo linalobeba mvuto: milimita za mraba 157 kwa M16 (bolti ya kipenyo cha milimita 16), 245 kwa M20, 353 kwa M24. Kichwa na nati vifanye duara. Tundu liwe kubwa kuliko bolti kwa milimita 2, kama litakavyotobolewa. Wengi wanachora tundu sawasawa na bolti, na bimu ya kwenye kompyuta haitelezi kamwe.

Kukaza kwa awali ni hatua ya kwanza ya mzigo, kabla ya kitu kingine. Kwa bolti ya daraja 8.8 inayotakiwa kukazwa kwa nguvu kamili, ni asilimia 70 ya nguvu yake ya kukatika: M20 inapata kama kN 137. Hatua ya pili, mzigo wa nguzo. Ya tatu, bimu.

Hesabu inakataa katikati. Nifanye nini?

Kwanza usiguse mnato. Soma ujumbe wa programu, uone ni nodi ipi inalalamika, uitafute kwenye mchoro. Mara nyingi ni moja ya haya.

Kitu kinaelea. Bolti imechorwa, lakini kabla ya kukazwa haijagusa kitu chochote, kuna nafasi ya nywele kati ya kichwa na bamba. Kwa programu hiyo ni bolti iliyoko angani, na hesabu tuli haijui cha kuifanya. Ishikilie kwa muda katika hatua ya kwanza, uiachie ikishakazwa.

Au unasukuma kwa nguvu badala ya umbali. Maungio yakifika kilele, hakuna tena nguvu ya kuongeza, hesabu inagonga ukuta. Shusha ncha ya bimu kwa milimita ulizozipanga na usome nguvu inayorudi, hapo utaona hata mteremko wa baada ya kilele.

Au zege limepasuka sehemu nyingi kwa mpigo. Hapo, ikiwa umejaribu yote, hamia kwenye njia ya mwendo inayosonga kwa hatua ndogondogo sana za muda. Inavumilia mgusano na mipasuko. Masharti yake: nishati ya mwendo ibaki chini ya asilimia 5 hadi 10 ya nishati iliyomo ndani ya vifaa. Ikizidi, umepiga maungio nyundo, hujayabebesha mzigo. Chora mistari hiyo miwili kila mara, hata kama hakuna aliyekuuliza.

Umeme ukikatika usiku?

Amuru programu ihifadhi faili za kuendelezea kila baada ya hatua kadhaa. Nilijifunza hilo saa kumi alfajiri, modeli ikiwa imebakiza robo.

Nitajuaje kwamba modeli inasema kweli?

Kwa kalamu, kabla hujaifungua kompyuta. Tuseme bimu ni IPE 300, yaani I yenye kimo cha milimita 300, ya chuma cha S275, urefu mita 6. Momenti yake kamili ni sentimita za ujazo 628 mara 275, karibu kNm 173. Gawa kwa umbali kati ya mabamba yake mawili, milimita 289: unapata kN 597, kama tani 60 zinazovuta kwenye bamba la juu. Sasa umechora bolti nne za M20 za 8.8 kuzunguka bamba hilo. Kwa Eurocode kila moja inabeba kN 141, nne ni 564. Hazitoshi, hata kabla hujafikiria jinsi bamba la mwisho linavyozing'oa bolti kama kifungulio cha soda. Kwa hiyo modeli yako, iliyolishwa nguvu hizohizo za kiwango, ikionyesha bimu imefikia momenti yake kamili na bolti zimetulia, usishangilie. Tafuta kosa. Ukihamia M24, kila moja ni 203, nne ni 813, na mazungumzo yanaanza.

Kisha angalia ukakamavu, yaani mteremko wa mwanzo wa grafu ya momenti na mzunguko. Eurocode 3 sehemu ya 1-8 inaupima kwa kuulinganisha na bimu yenyewe. Kwa bimu hii, EI (ugumu wa bimu dhidi ya kupinda) gawanya kwa urefu ni kama kNm 2,925 kwa radiani. Chini ya nusu ya hiyo, maungio ni bawaba. Juu ya mara 8, ni magumu, iwapo jengo limezuiwa kuyumba kwa njia nyingine; iwapo halijazuiwa, unahitaji mara 25, yaani kama 73,000. Katikati ni maungio ya nusu ugumu, na ndiko mengi ya bolti yanakoangukia. Si aibu kuwa huko. Aibu ni kuandika "magumu" kwenye mchoro wa fremu wakati modeli yako ya maungio inasema 20,000.

Mwisho, aina ya kuvunjika. Jaribio lilionyesha ukuta wa bomba umetoka tumbo na modeli yako inaonyesha bimu imekunjamana? Hata kilele kikifanana, modeli si sahihi. Zimekutana njiani tu.

Mwanza tuna matetemeko ya kuhangaikia?

Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilibomoa nyumba na kuua watu Bukoba, ng'ambo ya ziwa letu hilihili. Kwa hiyo sitakubali mtu aniambie jambo hili ni la Wajapani. Hata hivyo kwa jengo la kawaida la ghorofa mbili tatu hapa, uzembe wa kawaida utakuua kabla ya tetemeko.

Ukitaka kuigiza, mzigo unaenda na kurudi. Utaratibu wa Kimarekani wa AISC 341 unaanza na pembe ya kuyumba ya radiani 0.00375 na kupanda taratibu, na maungio ya fremu za daraja la juu yanatakiwa kufika 0.04 yakiwa bado na asilimia 80 ya momenti kamili ya bimu. Masharti hayo yalikazwa baada ya tetemeko la Northridge, California, Januari 1994, ambapo mishono ya bimu na nguzo za chuma, iliyoaminiwa kuwa haina tatizo, ilikutwa imepasuka ghafla kwenye majengo mengi. Zile hazikuwa nguzo zenye zege, lakini somo la mshono ni lilelile.

Na moto?

Zege lina maji. Likipashwa ndani ya bomba lililozibwa, mvuke unatafuta pa kutokea. Toboa matundu yasiyopungua milimita 20, juu na chini kwa kila ghorofa. Yachore kwenye mchoro wa fundi, maana kwenye modeli hakuna atakayeyakumbuka.

Modeli inajua fundi alivyochomelea?

Haijui. Inajua ulichoiambia, na wewe uliiambia mshono umejaa, bamba limenyooka, zege limeshika kila kona. Hiki ndicho kile kisa nilichoahidi.

Jengo moja hapa mjini, nguzo za mraba zenye bamba la ndani. Nilikuwa nimeiigiza kwa uangalifu wote niliouandika hapo juu, nimeilinganisha na jaribio lililochapishwa, imekaa. Wiki moja baada ya zege kumwagwa nilikuta fundi mkuu anazunguka nguzo na nyundo ndogo, anagonga kuanzia chini kwenda juu. Du, du, du. Alipofika chini kidogo ya usawa wa bimu sauti ikabadilika, ikawa ya kopo.

"Injinia, njoo usikie. Hapa pana njaa."

Tukatoboa tundu dogo. Waya ukaingia bila kugusa kitu. Tundu la bamba la ndani nililochora lilikuwa moja, la katikati, na hewa iliyokuwa chini ya bamba pembeni haikuwa na pa kutokea zege lilipopanda. Nguzo tatu kati ya tisa zilikuwa hivyo. Tulizichoma uji wa saruji kwa pampu kupitia matundu hayo hadi ukatokea upande wa pili.

Usiku ule nilirudi kwenye modeli, nikafuta tabaka la zege la milimita 30 chini ya bamba, nikaiendesha tena. Ukuta wa bomba ukabonyea kwa ndani mahali palepale, kitu ambacho nilikuwa nimemwambia mteja hakiwezekani.

Siku hizi bamba la ndani nalitoboa tundu kubwa la katikati na madogo manne ya pembeni ya kutolea hewa, kokoto naomba zisizidi milimita 10, na kabla sijachagua aina ya maungio naenda karakana kumuuliza atakayeyachomelea kama mkono wake utafika. Pia naendesha modeli moja ya ziada: ileile, ila mbovu. Mshono mmoja mfupi, bolti moja imelegea, pengo la hewa chini ya bamba.

Naweza kukuletea modeli yangu uiangalie?

Lete. Lakini lete faili yenyewe, grafu ya momenti na mzunguko, na karatasi uliyohesabia kwa mkono. Picha za rangi baki nazo. Na kama nguzo imeshamwagwa, njoo na nyundo.